Mikono ya Mwajabu

Katika mtaa ule wa vibaka, milango ndiyo iliyoitikia hodi, ikimpima mtu kwa mikono aliyoshika siku hiyo. Ukimpa mkono mhalifu, huingii.

Mwajabu alijitolea kuwapelekea wagonjwa uji, wakiwemo vibaka waliopigwa na wananchi. Kila mmoja alimpa mkono. Angewezaje kumnywesha mtu uji bila kumsalimu?

Adhuhuri alirudi na chupa tupu, akabisha hodi kwao.

"Hatari," mlango ukasema.

"Mama, nifungulie kwa ndani."

Mama yake akasogea karibu kabisa na ubao. "Leo umewapa mkono akina nani, mwanangu?"

"Wagonjwa wangu tu, mama."

Mwajabu akasikia komeo la zamani, lile la kusukuma kwa mkono, likiingia mahali pake.