Jino la Ngiri na Nyumba ya Konokono

Enzi ambazo wanyama walitengenezeana meno, Ngiri alivunjika jino lake la kuchimbia mizizi. Kwake, kutochimba kulikuwa kufa njaa. Nungunungu akamchongea jino jipya lenye shina jembamba kama mwiba, akaligongomea kwenye taya. Siku ya tatu likalegea.

"Mfupa wako mbovu, mzee," Nungunungu alisema.

"Mfupa hauna kosa," Bi Konokono, aliyekuwa akipita hapo, alidakia. "Shina lako limechongoka mno. Uzito wote unaangukia mahali pamoja, na hapo ndipo mfupa unapolika."

"Mbeba nyumba naye leo fundi wa meno!" Nungunungu alicheka.

Bi Konokono alingoja taya lipone, kisha akachonga jino lenye shina nene, ncha butu na mikunjo inayolizunguka, akalizungusha polepole ndani ya taya hadi likashika. Uzito ukagawanyika pande zote. Masika mawili yakapita, Ngiri akichimba bila maumivu.

Nungunungu akaja kwa adabu. "Bibi, umbo hili ulilitoa wapi?"

"Mgongoni, kwenye nyumba uliyoicheka. Mama alijengewa hivi na mamake, nami hivi hivi. Sogea, uitazame vizuri."