Asilimia Arobaini na Moja

"Usiguse, bosi!" katibu muhtasi alisema, akiinua kichwa ghafla kutoka mezani. "Inasasisha."

Mkurugenzi aliondoa mkono kwenye kibodi kama aliyegusa sufuria ya moto. Katikati ya skrini palikuwa na duara jeupe, na chini yake maandishi: *Programu inasasishwa. Asilimia 41. Tafadhali usizime.*

"Jana pia ilikuwa arobaini na moja, Mama Mapacha."

"Mtandao huo, bosi. Unajikokota."

Jina la Mama Mapacha lilimpata aliporudi kutoka likizo ya uzazi. Wanawe walikuwa wamegawana usiku kama walinzi: mmoja akimaliza zamu yake ya kulia, mwenzake anaingia. Usingizi alikuwa anausikia kwa majirani tu, wanavyokoroma.

"Yangu ikisasisha naelewa," mkurugenzi alisema, akipangusa shavu lenye alama za mikunjo ya shati. "Ile ni ya mkuu wa ofisi, imebeba mambo mazito. Hii yako inaandika barua! Barua inataka programu mpya ya nini? Kwani herufi zimeongezeka?"

"Wanasema ni kwa ajili ya usalama."

"Usalama wa kila siku baada ya chakula cha mchana? Namwita fundi wangu. Akisema kompyuta ni nzima, ujue mbovu ni wewe. Na kiti hicho kina watu wanakimezea mate."

Mama Mapacha alikivuta kiti chake karibu na meza. Mshahara wa kiti hicho ndio ulionunua maziwa ya kopo, na wale mabwana wawili nyumbani hawakuwahi kusikia neno "subiri".

Fundi alikuja, mtu mzima mwenye miwani iliyoungwa kwa gundi. Akaketi. Akaitazama skrini kama daktari anayetafuta namna ya kuwaambia ndugu. Akabonyeza kitufe kimoja, basi. Kisha akalitazama sweta lililokunjwa vizuri kando ya kibodi, likiwa na kibonde katikati. Mwisho akayatazama macho mekundu ya mwenye meza.

"Vipi?" mkurugenzi aliuliza, ameegemea mlango. "Inahitaji kweli, au ni maringo tu?"

Mama Mapacha alishika ukingo wa meza.

"Inahitaji, mkuu," fundi alisema kwa sauti ya msibani. "Nusu saa kila siku. Ikikatizwa, itaanguka, na barua zako zote zitakwenda nayo."

Mkurugenzi aliguna. Akatazama saa, akapiga miayo hadi machozi yakamlenga.

"Haya, iacheni. Hata yangu sasa hivi inaanza. Mtu asinigongee."

Akaingia ofisini kwake, akafunga mlango kwa ufunguo.

Fundi alisubiri kidogo, kisha akainama.

"Dada, picha iliyoganda itakuponza," akanong'ona. "Ngoja nikuwekee inayozunguka, kama ya bosi."