Mwendo wa Shaba

Baba alilitua bamba la shaba juu ya meza ya msumeno wa umeme wa kukatia nakshi kama anayelaza mtoto mchanga. Alikuwa ameshaandika kwa penseli: FUNDI NA BINTIYE.

"Kibao cha mlangoni, mama. Kile cha mbao nimekitupa. Hiki hata wajukuu watakikuta."

Binti akausogelea msumeno. Mfukoni mwa aproni alikuwa na barua ya kuajiriwa mji wa mbali, na safari ilikuwa Jumatatu. Wiki nzima alitafuta pa kuanzia kumwambia baba, lakini kila alipofungua kinywa, baba alimwita "mwenzangu," naye akaahirisha.

Kwa hiyo hakubadilisha kitu. Aliacha bledi ya kukatia mbao, yenye meno makubwa, na mwendo wa mbao, wa kasi. Ikigusa shaba itakatika, bamba litaharibika, naye atapata siku mbili tatu za kupumua kabla baba hajaleta jingine.

Akawasha.

"Zima!" Baba alikuwa amempa mgongo, anapiga randa. "Huo mwendo wa mbao huo. Shaba haitaki papara."

Akazima. Akafunga bledi ya shaba, ya meno madogo, akapunguza mwendo, akakaza skrubu, kisha akaidonoa bledi kwa ukucha kupima kama imekaza. Ting. Ililia vilevile kama alivyofundishwa tangu utotoni. Mikono ilifanya yenyewe, haikumwuliza.

Baba akageuka, machozi yakimlengalenga.

"Umesikia hiyo? Nilijua hutaniangusha. Haya, anza na neno lako."

Bledi ikaingia kwenye B ya BINTIYE, taratibu, bila kukatika.