Kanga ya Kumi

Wanawake wa Miteja walikuwa wametandika kanga kutoka kwenye gari hadi jukwaani, na Mheshimiwa Restuta alikuwa ameshakanyaga tisa alipoiona ya kumi. Ilikuwa na sura yake mwenyewe.

Aliikumbuka. Aliigawa kwenye kampeni yake ya kwanza, kabla ya miaka kumi ya Bunge la Dodoma na mitano ya lile la Afrika Mashariki, kule Arusha. Leo amerudi kuomba kura tena. Kwenye picha, chini ya kidevu chake, palikuwa na doa pana la kahawia lililokataa kutoka.

"Umeitunza, mama," alisema, akitabasamu.

"Nimeitunza," alijibu mama aliyeitandika. "Ndiyo tuliyombebea binti yangu aliposhikwa na uchungu. Lile gari la wagonjwa uliloahidi halijaja mpaka leo. Tulikupigia simu, ukasema uko kikaoni Arusha."



"Mlifika hospitali?"

"Alifia humo humo, njiani." Mama aliunyoosha upindo. "Pita, Mheshimiwa. Watu wanakungoja."

Restuta aliinama kuvua viatu.

"Viatu havina kosa," mama alisema. "Pita."