Damu Kwenye Kitambaa Cheupe

Célestine alisimama na filamu mikononi, karibu kabisa na jiko la makaa. Cheche moja tu ingetosha kuiteketeza yote. Akaitazama kidogo, kisha akamkabidhi mwendesha mashine.

"Iendeshe taratibu," alimwambia. "Nataka waione yote."

Ukumbi ulikuwa umefurika madaktari na maseneta wa Paris pamoja na wake zao. Mumewe, Daktari Octave Vaubert, aliwaahidi jambo geni: vijidudu vya kaswende vikiwa hai, vikiogelea ndani ya damu, vimepigwa picha kupitia hadubini. Mwaka mzima Célestine ndiye aliyeleta damu kutoka hospitali, akazungusha mkono wa kamera, akasafisha filamu hadi vidole vikababuka. Kwenye kadi za mwaliko lilikuwemo jina moja tu, la Octave.

"Kaa nyuma, mke wangu," Octave alimnong'oneza. "Usinitie aibu na huo uso wako wa msiba."

Mimba tatu zilikuwa zimemharibikia. Mama mkwe akadakia, tena bila kunong'ona: "Wenzako wanazaa, wewe unaosha vioo vya hadubini! Mwanangu ana moyo huyu. Mwingine angeshakurudisha kwenu."

Célestine akatabasamu. Taa zikazimwa.

Kinanda kikaanza kulia. Kwenye kitambaa cheupe zikatokea nyuzi nyembamba zilizojisokota kama vizibuo vya chupa za mvinyo, zikijipenyeza katikati ya chembe za damu. Wanawake wakaguna, mmoja akafunika macho. Octave alielekeza kwa fimbo, sauti imejaa majivuno.

"Tazameni wingi wao! Sijapata kuona damu iliyochafuka namna hii."

Makofi yalipotulia, seneta mmoja mzee akauliza, "Na mgonjwa mwenyewe ni nani, Daktari?"

"Kahaba mmoja wa mtaani, Mheshimiwa. Damu yake aliileta mke wangu. Wanawake wa aina hiyo hata hawajui ni nani aliyewaambukiza."

Kicheko kikapita safu kwa safu. Mama mkwe alicheka kuliko wote.

Célestine akainuka kwenye kiti chake cha nyuma. Akavua glavu ya kushoto bila haraka, akanyoosha juu kidole kilichofungwa bendeji.

"Mimi namjua aliyeniambukiza," alisema. "Maisha yangu yote nimelala na mwanamume mmoja tu, na ndiye huyo mliyemaliza kumpigia makofi."