Mamba wa Bwana Bwawa

Bwana Bwawa alikuwa majini hadi kiunoni, suruali ameiacha kwenye nyasi, akimsukuma mamba kwa mikono miwili.

Usishtuke. Mamba wa kiwanda cha saruji alichokuwa akikilinda alikuwa wa mbao, kazi ya shemeji yake, seremala wa karakana, aliyechonga gogo zima, akalipaka rangi ya kijani na kulifunga kwa kamba kwenye jiwe katikati ya bwawa.

Bwawa lenyewe zamani lilikuwa shimo la udongo lililotelekezwa nyuma ya kiwanda. Meneja aliwaahidi wakubwa wake kuligeuza makazi ya ndege, na mlinzi huyu wa geti la nyuma akaichukua ahadi ile kama yake. Alipanda matete, akapanda miti kandokando, akangoja. Bata maji wa kwanza walipotua, nusura alie.

Tabu ni kwamba wafanyakazi nao walikuja, na ndoano, na manati, na pikipiki za kuosha. Kuwasema ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa. Ndipo akatundika kibao cha "Hatari, mamba", na shemeji akamleta mamba mwenyewe. Tangu hapo hakuna aliyetia hata kidole, na wapo walioapa kwamba wamemwona akipiga miayo.

Asubuhi hii maji yalikuwa yamezidi unga. Mtaalamu wa wanyamapori, aliyetarajiwa wiki ijayo, alikuwa tayari ofisini kwa meneja akinywa chai. Akiridhika, bwawa linabaki. Asiporidhika, linafukiwa liwe maegesho ya malori. Na mtaalamu gani ataona mamba wa mbao halafu aamini kwamba bata ni wa kweli?

Kwa hiyo, sukuma. Mgongo tu ndio ulioonekana, nao umefunikwa na magugu. Kamba hakuiona, alidhani imekatwa na mvua za wiki ile, zilizofurisha mto wa jirani hadi ukaungana na bwawa. Simu ikaita kwenye suruali, akaiacha iite. Gogo lilikuwa zito kuliko alivyolikumbuka. Akalitukana, akalikandamiza kwa bega. Mara likateleza lenyewe hadi kwenye matete, likazama. Bwana Bwawa akamshukuru Mungu, akavaa suruali yake.

Mtaalamu, mama mmoja mwenye kofia pana na viatu vya mpira, alizunguka naye bila haraka. Alitazama kereng'ende, akasikiliza vyura, akachutama ukingoni na kutia mkono majini kuchota viluwiluwi. Kisha akakiona kibao.

"Na huyu mamba, baba?"

"Kibao cha kutishia wezi tu, mama. Hapa hata mtoto anaogelea."

Matete yakatikisika, na bata wote wakaruka kwa mpigo mmoja. Mama akacheka kwa furaha. Akamwambia kwamba mabwawa mengi ya viwandani aliyoyakagua ni mapambo matupu, ila hili lina uhai, na ndivyo atakavyomwambia meneja. Wakapeana mikono. Bwana Bwawa alijisikia mwepesi, kama aliyetuliwa mfuko wa saruji kichwani.

Alirudi kibandani kwake akipiga mluzi. Shemeji alikuwa akimngoja mlangoni na uso wa kuomba radhi, gunia refu likiwa miguuni pake.

"Shemeji, nimekupigia simu wee, hupokei. Jana ulipotoka zamu nilimtoa huyu nimpake rangi upya, mvua ilikuwa imemchubua." Akalifunua gunia. "Usimshike, hajakauka."