Mstari wa Papa Wenceslas

Njia nzima kutoka Makiso mpaka Simi-Simi, Pélagie alikuwa akikariri maneno ya kuomba radhi. Alikaa nyuma ya toleka, baiskeli ya kubeba abiria, kompyuta ameikumbatia kifuani, na mwenye baiskeli akamwuliza mara mbili kama anaumwa. Alipofika mlangoni kwa Papa Wenceslas, maneno yote yakamkimbia.

Papa Wenceslas ndiye aliyemfundisha kazi. Si kazi ya kutajirisha mtu. Ndani kabisa ya kompyuta kuna programu inayoendesha kila kitu, kiini chake, na hiyo wanayoifanyia kazi haina bosi wala duka: watu wa dunia nzima huitunza bure, kila mmoja na kipande chake. Kipande cha mzee kilikuwa kidogo, kinasoma joto la majokofu ya chanjo. Miaka kumi na tisa amekitunza, na jina lake halikupata doa. Sasa alikuwa anastaafu. Jumatatu wenzake wa ng'ambo wangemtangaza Pélagie kuwa mtunzaji mpya.

Ila sheria ya kazi ile haina huruma. Kila badiliko huandikwa: nani, lini, kwa nini, limejaribiwa vipi. Na anayerekebisha kosa lazima ataje badiliko lililolileta na jina lililotiwa sahihi chini yake. Maandishi hayo hayafutwi.

Wiki iliyopita, katika kituo kimoja cha afya upande wa Yanonge, kipimo cha jokofu kilionyesha nyuzi nne, safi kabisa. Kumbe kilikuwa kimekwama siku tatu, na chanjo zote zimeharibika. Akina mama themanini walirudi nyumbani na watoto wao mgongoni.

Pélagie hakuhitaji kutafuta sana. Mstari wa 214, badiliko la Mei 2019, sahihi ya Wenceslas. Aliandika marekebisho yote, akabakiza jina tu.

"Weka jina ya muzee, tuma," Merdi, mwenzake wa kazini, alimwambia kwa simu. "Yeye anastaafu. Itamufanya nini?"

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Merdi aliyasema hayo huku anatafuna.

Maman Chantal, mke wa mzee, aliandaa makemba, ndizi za kupika, na likayabo, samaki wa chumvi. Papa Wenceslas alimwuliza mgeni kama amekula, na baada ya dakika tano akamwuliza tena. Mtaa mzima ulijua kwamba tangu mwaka jana mzee anasahau. Wengine walimcheka. Pélagie hakucheka.

"Papa," alisema mwishowe, "iko kosa kwenye kile kipande cha joto. Ya mwaka 2019. Jina iko ya papa."

Mzee aliacha kutafuna. "Jina yangu?"

"Ndiyo, papa."

"Na imeleta nini?"

Akamweleza habari ya Yanonge. Hakuficha hata mtoto mmoja kati ya wale themanini. Mzee alisikiliza kichwa chini, na Pélagie alitamani ardhi ipasuke immeze. Huyu ndiye mtu aliyemkalisha kwenye kiti chake mwenyewe wakati yeye hata kompyuta hana. Na leo amekuja nyumbani kwake, anakula samaki wake, ili kesho apande juu kwa kumkanyaga. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio.

"Kwenye maelezo, iliandikwa nini?" mzee aliuliza.

Pélagie alifungua kompyuta akasoma. "Imejaribiwa saa arobaini na nane, bila kukatika."

"Saa arobaini na nane. Na ilijaribiwa kweli?"

"Ndivyo imeandikwa, papa."

Mzee aliguna.

"Naweza kuandika kosa tu, bila jina," Pélagie alisema haraka. "Wataelewa."

"Non. Hawataelewa. Utaficha jina, na Jumatatu watauliza huyu binti anaficha nini. Soma ile umeandika."

Akasoma. Mzee akamfuata neno kwa neno, akamsahihisha tarehe moja, kisha akainua kidole.

"Alors, ongeza hapo chini: Mimi Wenceslas, naomba wale wamama musamaha. Nilipashwa kujaribu, sikujaribu."

Pélagie aliandika. Machozi yalimdondoka kwenye herufi, akayafuta kwa kanga, yakaja mengine.

"Usilie, mama," Maman Chantal alimbembeleza huku anakusanya sahani. "Huyu muzee aliisha kupita kwenye mengi."

"Tuma," mzee alisema.

"Papa, tungoje kesho."

"Tuma, ma fille."

Alibonyeza. Ujumbe ukaenda kwa maelfu ya watu asiowajua, na maji yakimwagika hayazoleki. Kilichomtisha Pélagie ni kwamba pamoja na huzuni yote ile, kifua chake kilikuwa kimepata nafasi ya kupumua.

Papa Wenceslas alingoja mpaka mkewe aingie jikoni. Kisha akavuta kiti karibu na kusema kwa sauti ya chini, bila hasira.

"Bon. Jumatatu kazi iko yako, na jina yangu iko muzee, inaweza kubeba hii. Lakini usiandike tena kama umejaribu kitu haujajaribu. Ule mwaka muzima wa 2019 mimi niko kipofu, nangoja kupasuliwa macho. Ni mikono ya nani ilikuwa inaniandikia?"